Ndege ya kuwahi meli: jinsi ya kukata tiketi ukitokea Dodoma

Simu ninazopigiwa zinafanana. Kijana yuko Ujerumani au Uingereza, amewalipia wazazi wake wa hapa Dodoma wiki moja kwenye meli ya utalii, amewatumia karatasi ya chumba kwa WhatsApp, halafu mzee ananipigia: "Mwanangu, meli inaondoka Barcelona Jumapili. Nikatie ndege ya Jumamosi." Wengine ni wanandoa wanaotimiza miaka 25 ya ndoa, wamechangiwa na watoto. Swali ni moja: tukate lini, na tukate vipi?

Usianze kuhesabu kutoka Dodoma. Anza na meli, uhesabu kinyumenyume mpaka ufike kwenye geti la nyumba yako, iwe Kisasa, iwe Ilazo. Ndege ikikuacha, kesho kuna nyingine. Meli ikikuacha imekwenda na chumba ulicholipia, na hakuna ya kesho.

Kabla hujaanza, weka hivi mezani

- Pasipoti yenye uhai wa angalau miezi 6 baada ya siku ya kurudi, na kurasa tupu mbili au zaidi. Kama huna, anza nayo. Ombi linajazwa mtandaoni kwenye tovuti ya Uhamiaji na pasipoti ya kawaida ni shilingi 150,000.
- Karatasi ya meli. Uone bandari ya kupandia, bandari ya kushukia (zinaweza kuwa mbili tofauti), saa ya kuondoka, saa ya mwisho ya kupokea abiria, na orodha ya bandari zote za katikati.
- Masharti ya kughairi. Tafuta tarehe ya kumaliza malipo na tarehe ambayo ukighairi baada yake fedha hairudi.
- Kadi ya benki inayoruhusu malipo ya mtandaoni, au fedha taslimu na wakala unayemwamini.
- Kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Tangu mwaka 2016 kadi hii haina tarehe ya kuisha, kwa hiyo ile ya zamani inatosha. Usichome tena kwa sababu mtu kakutisha.
- Daftari na kalamu. Sitanii. Tarehe za safari hizi zinachanganya na kichwa peke yake hakitoshi.

Hatua ya 1: Andika saa ya meli, kisha shuka nayo

Tuchukue mfano wa yule mzee. Meli inaondoka Barcelona Jumapili tarehe 13 Juni, saa 18:00 kwa saa za Hispania. Majira ya joto ya Ulaya sisi tuko mbele ya Hispania kwa saa moja, kwa hiyo kwetu ni saa 1 usiku. Majira ya baridi tofauti inakuwa saa mbili. Ulaya hubadilisha saa zao Jumapili ya mwisho ya Machi na Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Sisi hatubadilishi.

Sasa shuka:

- Saa 18:00 meli inang'oa nanga. Sahau hiyo saa, siyo yako.
- Kati ya saa 16:30 na 17:00 mlango wa kupandia unafungwa. Kampuni nyingi hufunga dakika 60 hadi 90 kabla ya kuondoka. Yako imeandikwa kwenye karatasi.
- Saa 12:00 hadi 13:00 mchana uwe umefika bandarini na mabegi yako.
- Jumamosi usiku ulale Barcelona.
- Ijumaa, au Jumamosi kabla ya adhuhuri, ndege yako iwe imetua.
- Alhamisi au Ijumaa uondoke Dar.
- Siku moja kabla ya hapo uwe umeshafika Dar.

Wengi hupiga kelele hapo. "Siku mbili za hoteli za nini?" Hoteli ya usiku mmoja ni nafuu kuliko meli nzima. Msimamo wangu ni huu: ukitoka Dodoma, tua kwenye mji wa meli si chini ya usiku mmoja kabla. Kama ni kipindi cha theluji Ulaya, Desemba hadi Februari, weka usiku mbili. Kutua siku ileile ya meli sikatii mtu tiketi, hata akinibembeleza.

Halafu pima umbali kati ya uwanja wa ndege na bandari, maana jina la mji linadanganya. Meli "ya Roma" haiko Roma, iko Civitavecchia, na kutoka uwanja wa Fiumicino ni kama kilomita 60. Meli "ya London" mara nyingi inaondoka Southampton, zaidi ya kilomita 100 kutoka Heathrow. Barcelona ni rahisi, uwanja na bandari viko jirani. Hata Athens, meli zinaondokea Piraeus na uwanja uko upande mwingine kabisa wa mji.

Hatua ya 2: Viza kwanza, tiketi baadaye

Kosa linalowagharimu watu wetu kuliko yote liko hapa. Mtu anaona nauli imeshuka, analipa, kisha anaenda kuomba viza, ananyimwa. Tiketi ya bei ya chini hairudishi fedha. Anabaki na karatasi.

Ubalozi wa nchi za Schengen, yaani zile za Ulaya zinazotumia viza moja, hautaki tiketi iliyolipiwa. Unataka kuona mpango wa safari: nafasi iliyoshikiliwa kwa jina lako kwenye ndege ya kwenda na kurudi. Wakala anaweza kukushikilia nafasi bila malipo kamili kwa muda mfupi, na baadhi ya mashirika yanashikilia kwa ada ndogo. Mpango huo uwe wa kweli. Kuna watu mtaani wanauza karatasi za buking zilizotengenezwa kwa kompyuta. Afisa viza akiingiza namba ile isionekane, umeshaharibu jina lako kwa maombi ya baadaye pia.

Mambo ya kuzingatia kwa Schengen:

Ombi linapokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na lisiwe chini ya siku 15. Uamuzi kwa kawaida huchukua siku 15, lakini unaweza kuvutwa hadi siku 45. Ada ya mtu mzima ni euro 90 na hairudi ukinyimwa. Bima ya matibabu isipungue euro 30,000. Alama za vidole unakwenda kutoa mwenyewe, na pamoja na kuwa sisi ndio makao makuu ya nchi, kwa wengi wetu shughuli hiyo inafanyika Dar. Weka nauli ya safari hiyo kwenye bajeti. Kama uliwahi kutoa alama ndani ya miezi 59 iliyopita, huenda usihitajike kutoa tena.

Sasa swali ambalo karibu hakuna anayeniuliza, na ndilo la meli hasa: viza yako ni ya kuingia mara ngapi? Meli ikitoka Barcelona, ikagusa Tunis au Kotor ya Montenegro, kisha ikarudi Italia, umetoka Schengen na unaingia tena. Viza ya kuingia mara moja imekufa pale Tunis. Dubrovnik haina shida hiyo kwa sababu Croatia iliingia Schengen Januari 2023. Kwa hiyo chukua orodha ya bandari, zungushia duara zilizo nje ya Schengen, na kama kuna hata moja, omba viza ya kuingia mara nyingi, ukiambatisha ratiba ya meli ili afisa aone sababu. Bandari kama Istanbul ina masharti yake ya viza. Iulizie peke yake, na usikubali jibu la "utabaki melini tu" mpaka kampuni ya meli ikuandikie. Kampuni inaweza kukuzuia kupanda tangu siku ya kwanza kwa kukosa viza ya bandari ya siku ya tano.

Kama yote haya yanakuchosha na ni mara yako ya kwanza, fikiria Durban. Meli za utalii huwa pale takriban Novemba hadi Machi, na zingine huelekea pwani ya Msumbiji. Sisi Watanzania tunaingia Afrika Kusini bila viza kwa matembezi mafupi. Safari ya ndege ni fupi, kosa likitokea linarekebishika, na unajifunza maisha ya melini kabla hujaingia gharama za Ulaya.

Hatua ya 3: Chagua dirisha la kununua

Mashirika mengi hufungua uuzaji kama miezi 11 kabla ya siku ya safari. Kununua mapema kiasi hicho hakuna faida kwetu, kwa sababu ya viza na kwa sababu ratiba bado zitabadilika. Mimi napanga hivi:

Miezi 10 hadi 8 kabla: chumba cha meli kwa kianzio kinachorudishwa. Angalia nauli za ndege, andika kwenye daftari, usinunue.

Miezi 6 hadi 5 kabla: shikilia nafasi, peleka ombi la viza. Usingoje mwezi wa pili kabla ya safari kama wengi wanavyofanya.

Siku viza inapotoka: nunua. Leo, siyo wiki ijayo. Ukiwa umeomba mapema, hapo utakuwa na miezi mitatu au minne mbele, na nauli za kawaida bado zipo.

Chini ya wiki sita: bado inawezekana, lakini utalipa zaidi na njia nzuri zitakuwa zimejaa.

Jihadhari na vipindi viwili. Julai na Agosti, pamoja na wiki za kuelekea Krismasi, ndege kati ya Ulaya na kwetu hujaa watalii na watu wa ughaibuni wanaorudi nyumbani. Kama meli yako inaangukia hapo, sogeza kila kitu mwezi mmoja mapema. Ukiwa na uhuru wa kuchagua, meli za Mei au mwishoni mwa Septemba ni afadhali, na jua la Mediterania halikuchomi kama la Bahi saa nane mchana.

Kitu kimoja zaidi: linganisha tarehe ya viza na tarehe ya meli ya kumaliza malipo. Kama kampuni inataka fedha yote siku 90 kabla, viza yako inatakiwa iwe imetoka kabla ya siku hiyo. Ndiyo maana nasisitiza miezi 6.

Hatua ya 4: Chagua njia, siyo nauli

Kutoka Dar kwenda Ulaya utaunganisha mahali. Ethiopian wanapitia Addis Ababa, Qatar Airways Doha, Emirates Dubai, Turkish Istanbul, KLM Amsterdam, EgyptAir Cairo. Nauli zao zinapishana kila siku na hakuna aliye rahisi siku zote. Anayekuambia "shirika fulani ndilo rahisi" amekata tiketi moja maishani.

Angalia muda wa kuunganisha. Dakika 55 zinavutia kwenye karatasi lakini ndege ya kwanza ikichelewa nusu saa, wewe na mama mwenye magoti mabovu mtakimbia uwanjani bure. Nataka saa 2 hadi 4. Zaidi ya saa 8 ni mateso, labda shirika likupe hoteli.

Ukiunganisha ndani ya Schengen, mfano Amsterdam kisha Barcelona, ukaguzi wa pasipoti unafanyika Amsterdam. Tangu Oktoba 2025 Ulaya imeanza mfumo mpya wa kuchukua alama za vidole na picha ya uso mpakani kwa wageni wasio wa Umoja wa Ulaya, na foleni zimerefuka. Hapo saa moja haitoshi kabisa, weka tatu. Ukiunganisha Doha, Addis au Istanbul, mpaka unaukuta mwisho wa safari, na ukichelewa kwenye foleni hakuna ndege inayokuacha.

Kwa wa Durban: ukitua Johannesburg utachukua mabegi yako mwenyewe, upite forodha, kisha uyakabidhi upya kwa ndege ya ndani. Hata kama Dar walikuambia yanakwenda moja kwa moja, yasubiri kwenye mkanda.

Meli ikianzia mji mmoja na kuishia mwingine, tuseme Barcelona mpaka Civitavecchia, usinunue tiketi mbili za kwenda tu. Kwenye tovuti chagua safari ya miji mingi: Dar kwenda Barcelona, Roma kurudi Dar. Mara nyingi inakuwa bei karibu na ya kwenda na kurudi, na tiketi inabaki moja.

Hatua ya 5: Tiketi moja kutoka Dar mpaka mji wa meli

Kama utasahau yote, hili likumbuke. Safari yako ya kimataifa iwe kwenye buking moja. Ndege ya kwanza ikichelewa ukakosa ya pili, shirika linawajibika kukutafutia nyingine, na mabegi yamefungwa kibandiko mpaka mwisho.

Ukinunua tiketi mbili tofauti, Dar hadi Dubai kwa shirika moja na Dubai hadi Barcelona kwa jingine la bei poa, yule wa pili hakujui. Umechelewa? Pole, nunua nyingine. Tena huenda ukalazimika kuingia nchi ya katikati kuchukua begi, na hiyo inahitaji viza ya nchi hiyo.

Mimi mwenyewe nilishayafanya haya. Nilimkatia shangazi yangu tiketi mbili ili kuokoa fedha kidogo. Ndege ya kwanza ilichelewa saa tano, ya pili ikamwacha, na tiketi mpya ya dharura ilikula akiba yote mara tatu. Meli aliiwahi kwa sababu tulikuwa tumeweka siku mbili. Hajaacha kunikumbusha kila tukikutana msibani.

Kampuni nyingine za meli huuza chumba pamoja na ndege. Faida yake ni kwamba ndege ikichelewa, wao wenyewe wanashughulika kukufikisha. Lakini ndege hizo mara nyingi zinaanzia miji ya Ulaya au Marekani, siyo Dar. Ukiunga tiketi yako ya Dar kwenye ndege yao ya Frankfurt, umerudi kwenye tiketi mbili.

Hatua ya 6: Kipande cha Dodoma mpaka Dar

Hapa ndipo safari nyingi za kimataifa zinapoharibikia, kilomita 450 kutoka nyumbani.

Treni ya SGR ndiyo chaguo langu tangu ilipoanza Julai 2024. Ni takriban saa tatu na nusu hadi nne. Kata tiketi mapema, hasa ya Ijumaa na Jumapili, na vikao vya Bunge vikiwepo mapema zaidi. Beba kitambulisho. Kutoka stesheni ya Dar mpaka uwanja wa ndege hesabu foleni ya Barabara ya Nyerere, kwa teksi inaweza kuwa dakika 30 au saa moja na nusu. Mvua ikinyesha sisemi.

Ndege ya Dodoma hadi Dar ni ya haraka, lakini ina mitego yake. Kiwango cha mzigo cha ndege ya ndani kinaweza kuwa kidogo kuliko cha kimataifa, ukalipia kilo za ziada hapa Dodoma. Na ndege za ndani kwa kawaida hushukia Terminali 2, wakati za kimataifa zinaondokea Terminali 3. Ni majengo mawili. Utatoka, utabeba, utakwenda.

Basi kutoka stendi ya Nanenane linafika, lakini saa saba hadi tisa barabarani halafu usiku mzima angani ni adhabu kwa mtu wa miaka 60. Linafaa kama utalala Dar siku mbili kwa ndugu.

Vyovyote utakavyokwenda, fika Dar siku moja kabla. Kama haiwezekani kabisa, acha saa 8 kati ya muda wa kufika Dar na muda wa ndege kuondoka.

Hatua ya 7: Kurudi

Meli ikitia nanga saa 1 asubuhi, hutoki saa 1. Abiria hushushwa kwa makundi, mabegi yanatafutwa kwenye ghala, kisha mpaka, kisha teksi. Barcelona usikate ndege ya kabla ya saa 7 mchana. Civitavecchia na Southampton isiwe kabla ya saa 9 alasiri. Ukiweza kulala usiku mmoja, lala.

Hakikisha viza inafika siku ya kuondoka na siku moja au mbili zaidi. Dar ukifika usiku wa manane, usitegemee treni ya asubuhi ileile kama umeshaikatia tiketi isiyobadilika.

Hatua ya 8: Soma tarehe kwa sauti

Saa zetu za Kiswahili na saa za tiketi zina ugomvi wa siku nyingi. Tiketi inasema: Dar, 11 Juni, 03:55. Kwetu hiyo ni saa 9:55 usiku wa kuamkia tarehe 11. Maana yake uwe uwanjani tarehe 10 kuamkia 11, kuanzia saa 6 usiku. Mzee mmoja hapa Makole alisoma "tarehe 11 saa tisa usiku", akafunga begi jioni ya tarehe 11. Ndege ilikuwa imeshafika Ulaya.

Fanya hivi. Andika kila kipande cha safari kwa mtindo huu kwenye daftari, kisha msomee mwenzako:

"Alhamisi tarehe 10, saa 4 usiku, natoka hotelini Dar. Saa 6 usiku nipo Terminali 3. Saa 9:55 usiku huohuo, Ijumaa ikiwa imeingia, ndege inaondoka. Jioni ya Ijumaa nipo Barcelona."

Akikuuliza "siku gani?" zaidi ya mara moja, andika upya.

Hatua ya 9: Lipa, kisha hakiki kwa macho yako

Kabla ya kulipa, linganisha jina kwenye buking na jina kwenye pasipoti, herufi kwa herufi. Jina la ukoo likae mahali pa jina la ukoo. "Mama Neema" si jina la tiketi. Kurekebisha herufi moja kunaweza kugharimu, na mashirika mengine hayarekebishi.

Ukilipa kwa kadi ya benki, piga simu benki siku moja kabla: waruhusu malipo ya mtandaoni ya nje ya nchi na waongeze kikomo cha siku. Tiketi za watu wawili kwa kawaida huvuka kikomo, malipo yanakataliwa, nafasi inakwisha muda na nauli inapanda. Ukilipa kwa wakala, dai risiti ya EFD na utajiwe bei kwa shilingi.

Baada ya kulipa, unatafuta vitu viwili. Cha kwanza ni namba ya buking, herufi na tarakimu sita. Hiyo siyo tiketi! Ni nafasi tu. Cha pili ndiyo tiketi yenyewe: namba ya tarakimu 13, na tatu za mwanzo zinataja shirika. Ethiopian huanza na 071, Qatar 157, Emirates 176, KLM 074, Turkish 235, Kenya Airways 706. Wakala akikupa namba sita tu na kusema "tayari", mwambie bado. Ingia mwenyewe kwenye tovuti ya shirika, weka namba ya buking na jina la ukoo, uone safari yako yote. Dakika mbili zinatosha kumjua tapeli.

Ukishaona, nunua bima. Ile ya viza inalipia hospitali tu. Tafuta iliyoandikwa wazi kwamba inalipa ukikosa kuunganisha na ukikosa meli, na ianze siku unayotoka Dodoma.

Mambo yakiharibika

Viza imechelewa na wiki mbili zimebaki. Usinunue tiketi kwa imani. Iandikie kampuni ya meli uulize kusogeza tarehe, wengine hukubali kwa ada. Fanya hivyo kabla ya tarehe ya kupoteza fedha yote.

Shirika limebadilisha ratiba. Hutokea mara nyingi kwa tiketi zilizonunuliwa mapema. Fungua buking yako kila wiki mbili. Mabadiliko yakikufanya utue siku ya meli, usibonyeze "nakubali". Piga simu, omba ndege ya siku iliyotangulia. Shirika likibadilisha lenyewe, mara nyingi wanakuhamisha bila malipo, lakini ukishakubali umekubali.

Jina lina kosa. Siku ileile uliyonunua, piga simu. Kadiri unavyongoja ndivyo gharama inavyokua.

Umeshindwa kipande cha kwanza, ukafikiri utadandia cha pili. Hapana. Ukikosa kupanda ndege ya kwanza bila taarifa, mfumo unafuta zote zinazofuata, pamoja na ya kurudi. Waarifu kabla ndege haijaondoka.

Begi halikufika. Usitoke uwanjani kabla hujajaza fomu ya mzigo uliopotea na kupewa namba yake. Waandikie hoteli na ratiba ya meli, bandari na tarehe, ili begi likufuate bandari ya pili au ya tatu. Ndiyo maana dawa za presha, chaja, nguo za siku mbili na nyaraka zote vinakaa kwenye begi la mkononi. Benki ya umeme ya simu (power bank) pia, hairuhusiwi kwenye begi la chini.

Ndege imechelewa na meli inakaribia kuondoka. Piga namba ya dharura iliyo kwenye karatasi ya meli ukiwa bado uwanjani, usingoje ufike bandarini. Wakati mwingine wanakuelekeza kupandia bandari inayofuata, kwa nauli yako na kwa ruhusa yao. Hakikisha viza yako inakuruhusu kwenda huko. Chukua pia karatasi ya shirika la ndege inayoeleza sababu ya kuchelewa, bila hiyo bima haitakusikiliza.

Kampuni ya meli imehamisha bandari ya kupandia. Waulize kwa maandishi kama watalipia tofauti ya ndege kabla hujagusa tiketi. Kisha rudi hatua ya 1 na daftari lako, kwa sababu saa zote zimehama.